Samaki Anayenyonyesha

Mugisho wa kanisa letu la Alief ni Mkongo mpole, mtu wa Kivu, aliyekaa kambini miaka kumi na minane kabla ya kuletwa Texas. Sasa anaosha vyombo kwenye meli ya kutafuta mafuta, ile inayopiga mishindo chini ya maji kutwa kucha. Kiingereza hana. Akikwama ananipigia mimi, Jedidah, nesi Mkenya niliyepata A ya Kiswahili. Na Kiswahili chake, Mungu anisamehe, nilikuwa nakicheka.

Asubuhi moja nime-park Sugar Land, naingia kazini, simu ikalia. Mugisho anahema.

"Dada Jedidah, ambia chef basimamishe kelele! Kuko samaki mukubwa huku nyuma, iko nanyonyesha mutoto!"

Samaki ananyonyesha? Haki, niliona aibu. Huyo chef, yaani bosi wake mzungu, si atatuona Waafrika wote mbumbumbu! Basi nikajifanya mjuaji, nikamsahihisha kimoyomoyo. Afisa wa zamu alipochukua simu nikamwambia kwa Kiingereza safi: ameona samaki mkubwa, anaomba mpunguze kelele.

Afisa akacheka. Nje kuna ukungu, akasema, yeye haoni kitu, na kwa samaki hawasimami. Angekuwa nyangumi wangezima mara moja, ndiyo sheria.

Nyangumi! Mtu wa Kivu hilo neno angelitoa wapi? Alikuwa ameeleza alichokiona, na neno lililotosha, "nanyonyesha", ndilo nililolimeza. Ningesema tu, "Samahani, nimetafsiri vibaya." Lakini mimi, na A yangu? Nikasema asante, nikakata simu.

Wiki tatu baadaye Mugisho alinikuta nje ya kanisa. Kesho yake baada ya ile simu, akasema, alimwona yule mtoto anaelea, amekufa, mama anamsukuma kwa kichwa, anamsukuma, hataki kumwacha. Walikuwa wanapita tu, mama na mtoto, na safari yao.

"Dada, uliambia bo asema iko nanyonyesha?"

"Niliwaambia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Aksanti, dada. Basi ni bo benye roho mubaya."

Jumanne ana miadi ya daktari. Ameniomba nikamtafsirie, maana wengine, anasema, wanaachaga maneno.