Bwana Mkubwa wa Sebuleni

Picha ilifika Nyakatuntu ikiwa imefungwa kwenye blanketi, na Placidius mwenyewe akaitundika sebuleni kabla hajarudi Mwanza.

"Mama, sasa baba anaonekana mtu," alisema.

Restuta akashukuru. Ungefanyaje, mtoto amejinyima kwa ajili yako?

Mchoraji alipewa kipicha kimoja tu kilichokuwapo, cha kadi ya ushirika, ambacho marehemu Gaudiosus alipigwa akicheka, pengo la mbele liko wazi. Kipicha hakikurudi, eti kilimwagikiwa rangi. Pengo nalo halikurudi, maana mchoraji alimfunga mdomo. Akamvika suti ya bluu na tai, akampachika kalamu mfukoni, akamlazia vidole laini juu ya kitabu kinene. Gaudiosus huyu huyu wa darasa la nne! Vidole vile havijawahi kushika mundu.

Kwa miaka mitatu Restuta alizungumza na kile kipicha kila jioni akimenya ndizi. Kahawa imekauka. Mbuzi wa jirani kaingia tena shambani, na wewe umekaa tu unacheka. Ndivyo alivyoweza kula peke yake. Sasa alimenya kimya. Mtu mwenye sura ile utaanzaje kumweleza habari za mbuzi?

Jumamosi alikuja Adelgunda, mfanyabiashara wa ndizi kutoka Muleba, akasimama mbele ya picha.

"Huyu alikuwa mkubwa," alisema. "Wilayani, siyo? Tazama huo mdomo. Huyu hacheki ovyo."

Restuta alitaka kusema alikuwa mkulima, tena mcheshi hadi msibani watu walikaa naye mbali wasije wakaaibika. Lakini mgeni alikuwa ameshapunguza sauti kwa heshima, na heshima ni tamu.

"Wilayani," akajibu.

Mgeni alipoondoka, aibu ikampanda Restuta hadi masikioni. Amemkana mumewe ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Akaketi na kisu na ndizi, akainua uso amwombe radhi, amwite kwa lile jina la utani walilolijua wawili tu. Yule bwana akamtazama kama anayesubiri aeleze shida yake. Restuta akajikuta amesimama, kanga ameiweka sawa, magoti yanakunjika.

"Shikamoo," akasema.

Miaka arobaini na moja ya ndoa hakuwahi kumwamkia mumewe hivyo. Alingoja kidogo, kisha akarudisha kisu jikoni. Siku hiyo hakupika.