Puli Ndogo ya Lori la Kaka Yangu

Wakati nchi yetu ingali inaitwa Zaire, nilikuwa fundi katika karakana ya reli hapa Kalemie, na nilikuwa na kiburi cha mikono. Kazi yangu ilikuwa kukereza vyuma. Mtu aliniletea kipande cha chuma kisichofaa kitu, nami nikamrudishia kitu kinachoingia mahali pake bila kugongwa nyundo. Vipuri kutoka Ulaya vilikuwa haviji tena, kwa hiyo wenye magari walinisalimu mimi kabla ya kuwasalimu wakubwa wangu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nami nilisifiwa mno.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na lori la dizeli, kuukuu, ambalo alipanda nalo hadi Kirungu kuchukua maharagwe. Huko ndiko mama yetu alikokuwa anaishi na dada yetu. Milima ya Marungu ililitesa lile lori. Kwenye mipando mikali abiria walishuka na kutembea, na bado lilifika juu nyuma yao.

Siku moja akaja karakana. Alikuwa amesikia kwa dereva mwenzake kwamba puli ya mbele ya injini, ile inayozungusha mkanda, ikifanywa ndogo zaidi, gari linapata nguvu. Nilimwambia ni kweli. Mkanda ule unazungusha feni, pampu ya maji na dinamo, na vyote vitatu vinakula nguvu ya injini. Puli ikiwa ndogo, vinazunguka polepole, vinakula kidogo, na kilichosalia kinakwenda kwenye magurudumu. Si nguvu nyingi, lakini mlimani hata kidogo unakiona. Hasara yake ni kwamba maji hayapoi vizuri, na injini inaweza kuchemka. Tukapima wote wawili. Kirungu kuna baridi, watu wanaota moto mchana. Tukaona joto si neno.

Hasara ya pili sikumwambia. Dinamo ikizunguka polepole, batri haijai. Nilijua kabisa. Lakini nilikuwa nimekwisha kuiona ile puli kichwani mwangu, jinsi itakavyong'aa, na niliogopa angebadili mawazo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na sijipaki mafuta.

Lori likapanda. Madereva wengine walikuja kuitazama puli yangu. Asubuhi batri ilishindwa kuwasha injini, lakini nani alijali? Kwetu abiria wa lori ni wasukumaji pia. Wanapakia mizigo na mbuzi wao, wanashuka, wanasukuma kwa wimbo, injini ikishika wanakimbia kurukia juu. Asiyesukuma alitaniwa njia nzima kwamba amebebwa kama gunia. Watu thelathini wakisukuma, batri mbovu si ugonjwa. Nililiona lori likisukumwa hivyo sokoni, nikacheka na wenzangu, nikarudi kazini.

Kisha mama akaugua huko juu. Tumbo lilivimba, hakushikilia hata maji. Muuguzi wa dispensari alimwambia kaka yangu, aliyekuwa amefika jana yake, kwamba mama lazima apasuliwe Kalemie, na kwamba akifika siku hiyohiyo, atapona.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dada yangu. Abiria walikuwa wamekwisha kujipanga na mizigo yao. Kaka yangu akawakatalia wote. Alisema mama hawezi kulala mgonjwa huku juu yake watu wanapiga kelele na mbuzi wanalia. Leo gari ni la mama peke yake. Watu walielewa. Walilisukuma mara ya mwisho, wakabaki barabarani wakimpungia mama mikono. Mtoto gani wa kwetu asingefanya vile? Ningekuwa mimi, ningefanya vilevile.

Mlimani walishuka vizuri. Walipofika chini, kwenye tambarare ya mchanga kando ya ziwa, jua lilikuwa la saa nane. Kaka yangu alikuwa anaendesha kwa haraka ambayo haikuwa desturi yake, na katika mchanga injini ilihema mpaka maji yakachemka. Ilibidi aizime, isije ikaungua. Alichota maji ziwani, akangoja ipoe, akajaza. Akarudi kwenye usukani. Batri haikutoa hata sauti.

Walikuwa watu wawili na mgonjwa mmoja, hakuna mteremko, hakuna nyumba. Wakajaribu kusukuma, yeye na dada, na lori halikujua kama limeguswa. Basi akakimbia kutafuta watu. Aliporudi na wavuvi sita, dada alikuwa ameketi na kichwa cha mama mapajani, amekwisha kumfunika uso kwa kitenge. Wavuvi wakasukuma. Lori likawaka mara moja.

Kwenye matanga kaka yangu alisimama mbele ya watu, akasema, "Ni mimi njo niliua mama. Nilikatala watu." Wazee wakamnyamazisha. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, ubavu kwa ubavu, na nikafunga mdomo.

Tangu siku ile hakumwacha mtu barabarani. Alipakia mpaka springi zikalia, hata asiye na nauli. Watu walisema ana roho nzuri, na kila niliposikia hivyo, niliinuka nikaondoka. Miaka ikapita. Hatimaye nilishindwa, nikamfuata sokoni alipokuwa anapakia.

"Yaya," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "ile batri haikukufa yenyewe. Ni puli yangu. Nilijua itafanya vile, nikanyamaza."

Hakushtuka. Aliendelea kufunga kamba ya gunia mpaka akamaliza.

"Mudogo, na mimi nilijua. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuirudisha puli ya zamani. Alikuwa nayo chini ya kiti, na kazi yenyewe haikuwa kubwa.

"Mama alikuwa anaambia watu yote ya Kirungu: ile gari inapanda mulima sababu ya mikono ya mutoto wangu. Kila nikifika, ananiambia nifungue kapo ya injini, aangalie kazi yako. Ningeitoa namna gani?"

Nilikuwa nimekuja tayari kwa matusi, hata kwa ngumi. Nikalia palepale sokoni, mtu mzima, mbele ya abiria wake wote.