Siku Tuliyomtoa Kaka Magesa Kikosini

Enzi zetu pale Kabasa, Bunda, mtu aliyetaka kumsema mchezaji alikwenda uwanjani kwa miguu yake mwenyewe. Nayasema haya nikiwa nimekasirika, sitaficha. Jumamosi iliyopita niliingia kwenye kibanda kimoja hapa Musoma wanapoonyesha mpira, nikaagiza soda nikakaa, maana mimi, mwalimu mstaafu na bibi wa wajukuu, bado napenda mpira. Mechi nzima sikusikia mtangazaji alichosema. Vijana walikuwa wanagombana kuhusu kiungo wa timu yao. Galasa. Mzigo. Auzwe dirisha dogo. Mmoja niliyemfundisha darasa la tano akanigeuzia simu.

"Mwalimu, hebu ona mwenyewe. Mechi saba, bao hana, pasi ya bao hana. Huyu anatusaidiaga nini?"

Nikamwambia atazame mpira, uko pale mbele kwenye televisheni. Akacheka. Nadhani hakuwa ameinua macho tangu kipindi cha kwanza.

Sisi wa umri wangu tunajua mpira ulitengenezwaje. Soksi ya baba iliyotoboka, matambara, kamba ya katani, na pamba kidogo iliyochomolewa kwenye gunia wakati wazazi hawaoni. Pamba hiyo ndiyo iliyoufanya mpira wa Kabasa udunde, na ndiyo iliyofanya tuchapwe viboko. Mama alikuwa akituambia, "Endeleeni tu, Krismasi mtavaa huo mpira." Uwanja wetu uliinamia upande wa ghala la pamba, kwa hiyo timu iliyoshambulia kuelekea kule ilipata bao hata ikisinzia. Saa kumi na moja ng'ombe walikatiza, mchezo unasimama, tunameza vumbi, halafu ugomvi unaanza wa nani alikuwa na mpira kabla ng'ombe hawajafika. Tukirudi nyumbani tulikuta michembe ya viazi vilivyokaushwa, au ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, na furu, vile visamaki vya ziwani vyenye miiba mingi kuliko nyama. Hakuna aliyeuliza chipsi ziko wapi.

Kaka yangu Magesa, aliyenizidi miaka minne, ndiye alikuwa kiungo wetu. Na kaka hakimbii. Alisimama katikati ya uwanja, mkono mmoja kiunoni, wa pili unaelekeza: wewe nenda huku, wewe rudi kule. Mpira ukimfikia anampa aliye karibu, basi, kazi imeisha. Chenga hapigi, bao hafungi. Wanaume waliotoka kuuza pamba walisimamisha baiskeli pembeni ili wamseme tu. Mkubwa wao alikuwa fundi baiskeli wa mtaani, Baba Wambura, ambaye mwanawe Wambura alikuwa akiitaka nafasi hiyo hiyo ya kaka.

"Huyu anachezaga kama mtu anayengoja pamba yake ipimwe!" alipaza sauti, na uwanja mzima ukashika mbavu.

Mara ya kwanza nilicheka nao. Mara ya pili nikaona aibu, na aibu ya mtoto wa miaka kumi na moja ni kitu kibaya sana. Kisimani wasichana wenzangu waliniuliza kama kaka yangu ni mchezaji au ni goli la tatu lililosimikwa katikati ya uwanja. Nikawa nachota maji haraka haraka ili niondoke kabla hawajafika.

Ikafika siku ya kucheza na watoto wa Buhemba, kule kwenye dhahabu. Walikuja na lori, wamevaa fulana za rangi moja, na mpira wao ulikuwa wa ngozi kweli. Kocha hatukuwa naye. Kwetu, watu wawili wakigombea nafasi, walisimama wametugeuzia mgongo, na kila aliyekuwepo uwanjani, hata msichana aliyetua ndoo yake pembeni, alipanga mstari nyuma ya anayemtaka. Ndivyo tulivyochagua viranja shuleni, tukauhamishia utaratibu huo kwenye mpira. Mgombea hakuruhusiwa kugeuka mpaka nahodha amalize kuhesabu.

Kaka Magesa akasimama. Wambura naye akasimama, ameshaanza kurukaruka kupasha misuli. Watu wakakimbilia kwa Wambura. Mimi nilibaki katikati na ndoo yangu. Wale wasichana wa kisimani walikuwa kwa Wambura wote, wananipungia mkono. Nikaenda. Hakuna aliyenisukuma, nilienda mwenyewe, nikasimama wa mwisho kwenye ule mstari.

Nahodha akahesabu, kisha akasema wageuke. Nyuma ya kaka kulikuwa na watoto watatu. Akawatazama, halafu akautazama mstari wetu, mtu mmoja mmoja kuanzia mbele, mpaka akanifikia mimi. Akavua fulana akampa Wambura.

Wambura alikimbia jamani! Alikimbia kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki. Kila mahali palipokuwa na mpira alikuwepo, na kila alipotoka palibaki wazi. Sisi tulishangilia jasho lake, Buhemba wakapita pale alipotoka. Hadi mapumziko walikuwa wametufunga manne, tena wakishambulia kuelekea mlimani. Nahodha akamfuata kaka pale alipokaa, akamsihi aingie. Kaka akaingia, akaweka mkono kiunoni, akaanza kuelekeza watu. Kipindi chote cha pili Buhemba hawakupiga shuti hata moja la maana.

Sasa sikilizeni kilichonitia uchungu. Mechi ilipoisha nilidhani watu watafumbuka macho. Baba Wambura akawakusanya wenzake pale pale kwenye baiskeli.

"Si mmeona? Ameingia, na bao hajafunga!"

Wote wakaitikia kwamba kweli, hajafunga. Manne yalikuwa manne, wakasema, huyu amesaidia nini? Walibishana mpaka ng'ombe wakapita, wakabishana na baada ya ng'ombe kupita. Hakuna aliyeuliza mbona Buhemba wameacha kufunga. Nilitamani kupiga kelele, lakini ningesema nini, wakati mimi mwenyewe nilikuwa kwenye mstari wao?

Jioni tuliketi na kaka kwenye mkeka, sahani moja, kama kawaida. Alikula matonge kadhaa bila kuniangalia. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ili mama asisikie:

"Kama nilikuwaga nacheza vibaya, si ungeniambia nyumbani?"

Nikachukua kikombe, nikanywa maji mengi. Tangu siku ile kaka Magesa hakusimama tena mbele ya mstari wowote. Msimu uliofuata alikwenda na baba kwenye pamba, na uwanjani alipita tu nyuma ya ng'ombe wetu, akiwaharakisha wasikae katikati.

Ndiyo maana vijana wa siku hizi wananichosha. Wamepewa mashine inayohesabu hatua za mchezaji, na bado wanakosea kama Baba Wambura, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anatazama mpira. Nilimuuliza yule mwanafunzi wangu kama huyo kiungo wake ameshawahi kumwambia hayo ana kwa ana. "Nimemwandikia kwenye ukurasa wake, mwalimu," akasema kwa furaha. "Tumemshambulia watu wengi, mpaka akafunga maoni." Kisha akaagiza soda ya pili.

Enzi zetu tulikuwa wakatili hivyo hivyo, nisiwadanganye. Lakini ukimkataa mtu, aligeuka akakuona. Kaka Magesa bado yuko Kabasa, analima. Kila nikienda Bunda ananiuliza habari za wajukuu, nami namuuliza habari za pamba, na radhi ya siku ile sijawahi kumwomba. Yule kijana naye hataiomba, wala haitamsumbua, kwa sababu kiungo wake hatamkuta mezani. Mimi kiungo wangu ananikaribisha, ananisogezea bakuli la mboga, anasema, "Kula, dada, umetoka mbali."