Gesi ya Malimbuko

Hadi leo nikinusa mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji, huziba pua. Wengine harufu hiyo huwakumbusha nyumbani na maziwa ya moto. Mimi hunikumbusha mama yangu akisimamishwa mbele ya kanisa, na hasira hunipanda kana kwamba ilikuwa jana.

Tulikaa nje kidogo ya Matiliku, miaka ya themanini, nikiwa bado shule ya msingi. Mama, tuliyemwita Mwaitu, alipikia kwenye mafiga katika jiko lisilo na dirisha. Kuni kavu zilipatikana mbali, kwa hiyo mara nyingi alitumia mbichi. Zilikuwa zikilia zenyewe, povu likichuruzika nchani, moto ukififia ndani ya mvuke wa kuni zenyewe, na moshi ukitanda hadi hatuonani. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Daktari alimwambia wazi: ama moshi uondoke, ama macho yaondoke.

Basi Nau, yaani baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, akaleta fundi atujengee shimo la gesi, ambamo mavi yakioza hutoa gesi ya kupikia. Fundi alilifunika kwa pipa kubwa la chuma lenye kuelea, akaonyesha namna ya kulilisha mavi na maji, akapanda gari akaenda zake. Kulisha ikawa kazi ya Mwaitu. Maji aliyatoa kwa kufukua mchanga wa mto, akayaleta kwa punda, na mavi aliyakoroga kwa mikono huku akiimba. Sijawahi kuona mtu akifurahia uchafu namna ile.

Pipa lilipoanza kupandishwa na gesi, alitaka kuchemsha chai. Nau akakataa.

"Hii ni malimbuko," akasema. "Hakuna mtu ataigusa kabla Mungu apewe."

Kwetu hata mbaazi za kwanza za shamba hazikuingia chunguni kabla ya kupelekwa kanisani. Na kwa kuwa gesi haibebeki kwa kikapu, kanisa ndilo lililokuja kwetu.

Jumapili hiyo watu walijaa uani. Mhubiri mgeni aliomba mpaka watoto tukasinzia. Kisha Nau akafungua koki na kuwasha kiberiti. Gesi ikapiga mluzi, kiberiti kikazimika. Akawasha kingine. Ukatokea ulimi mdogo wa buluu, hafifu, ukaruka juu ya jiko na kupotea. Akajaribu tena na tena. Watoto tulianza kucheka, tukakatwa jicho, tukanyamaza.

"Sadaka ya Kaini pia ilikataliwa," mhubiri akasema. "Ni nani amekuwa akilisha hii shimo?"

Watu wote wakamgeukia Mwaitu.

"Mama, uko na neno na mtu? Sema hapa, usifiche."

Alikuwa nalo, na nani hana? Alikuwa amekosana na wifi yake juu ya mbuzi aliyekula kunde. Akalisema. Alisimama kwenye jua la saa sita, samadi ikiwa bado kwenye kucha, akaomba msamaha ili gesi iwake. Nayo haikuwaka. Mumewe alikuwa akitazama viatu vyake.

Wiki hiyo Nau alilifukia shimo. Mwaitu akarudi kwa kuni mbichi, nami nikakua nikiamini kwamba mama yangu ana dhambi ya kuzima moto. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Basi hili alilichuma Nau, akaachiwa Mwaitu alile peke yake.

Niliolewa Kikima. Huko jirani yangu alijengewa shimo kama lile letu, na siku pipa lake lilipopanda nilimkuta ameachilia koki, gesi yote inatoka bure. Nilimpigia kelele.

"Wacha iende, dada," akanijibu. "Ya kwanza imejaa ile hewa tunatoa na pua, hiyo haiwaki. Ukimwaga hii, ile ingine ikikuja inawaka vizuri."

Na kweli, baada ya siku chache aliniita ninywe chai iliyochemshwa kwa moto wa buluu usio na chembe ya moshi. Nilikiweka kikombe chini. Hewa ya puani! Ile ile aliyokuwa akiitoa mhubiri akimkemea mama yangu ndiyo iliyojaa pipani mwetu, ikajichanganya na gesi na kuukaba moto. Tulikuwa tumemwekea Mungu kitu cha kumwagwa, kisha tukamfananisha mama na Kaini.

Nilisafiri nikamweleza Mwaitu. Wakati huo hakuona chochote ila mwanga wa mlangoni, na alinitambua kwa sauti. Alinisikiliza huku akipapasa mafiga.

"Kwa hivyo tungeimwaga, tungoje tu?"

"Ingewaka, Mwaitu."

"Na baba yako alijua?"

"Hakujua."

"Na yule mhubiri?"

"Hata yeye hakujua."

Akapangusa majivu mikononi.

"Hata mimi sikujua," akasema. "Sasa mbona ni mimi peke yangu niliambiwa nitubu?"

Nilipokuwa mtoto niliukasirikia moto kwa kutukataa. Moto haukuwa na kosa. Sote hatukujua, lakini aliyesimamishwa juani ni mmoja, na ndiye aliyelipa kwa macho yake.