Wimbo wa Kumsindikiza Binti wa Mwalimu

Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilirudi Likasi kwa harusi ya mtoto wa jirani. Niliposhuka kwenye taksi-basi, maua ya jakaranda yalikuwa yametanda juu ya lami, na kabla sijashika begi langu vizuri, neno la Kiingereza likanijia mdomoni: purple. Ndiyo rangi ya maua yale, zambarau. Nikacheka peke yangu. Dereva akaniangalia kwa huruma. "Mama, uko na muntu wa kukupokea?"

Ngoja nikueleze, maana bila maelezo utadhani nilikuwa na homa.

Miaka ile ya tisini, wakati mishahara ilipokatika na king'ora cha kiwanda kikawa kinalia siku kinapotaka, watu walikuwa wakiondoka. Leo familia hii, kesho ile. Darasani kwetu tulikuwa na desturi yetu wenyewe, wala sijui ilianzishwa na nani. Mtoto anayeondoka alichagua neno moja. Neno hilo lilifunga mstari wa kwanza wa wimbo wake wa kuaga, na sisi tuliobaki tulitafuta neno la kulijibu, lifunge mstari wa pili. Mwenye safari hakuruhusiwa kusaidia. Tuliamini kwamba anayeondoka bila wimbo, njia humkataa. Nani alitaka kumfanyia mwenzake hivyo?

Mara nyingi kazi ilikuwa rahisi. Kiswahili kina huruma: kila neno linaishia kwenye mlango wazi, a, e, i, o, u, na majirani wa kila mlango ni wengi. Mmoja alichagua mukati, yaani mkate, tukamjibu kwa Likasi katikati. Mwingine alichagua samaki, kwa sababu ya wajomba zake wavuvi wa ziwa Tshangalele, naye akapata jibu kabla kengele haijalia.

Kisha ikafika zamu ya rafiki yangu wa dawati moja, binti wa mwalimu wetu wa Kiingereza. Baba yake alikuwa amepata shule ng'ambo ya mpaka, Zambia, na lori la chokaa kutoka Kakontwe lingewabeba Jumamosi. Alikuwa mchokozi, yule. Alisimama juu ya dawati, akaonyesha jakaranda dirishani, akasema, "Minye nachagua purple. Tuone sasa wenye akili!"

Tulihangaika wiki nzima. Kila alasiri nilikaa uani kwa nkambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, nikitwanga matamba, majani ya muhogo, kwa ajili ya mboga ya jioni, na kwa kila pigo la mchi nilisema neno moja: purple, apple, table, purple. Nkambo aliniangalia tu. Alidhani ni sala ya kanisa jipya.

Mwishowe tulikwenda kwa Mwalimu mwenyewe. Tulimkuta anafunga vitabu kwa kamba ya katani. Binti yake akaruka mlangoni. "Papa, hapana! Weye pia unaondoka, huwezi kuwasaidia!"

"Minye ninatoa maneno," Mwalimu akasema, "mustari watatunga bao benyewe." Akatukalisha chini kana kwamba hakuwa na safari.

Nakumbuka alivyotueleza, kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza jambo kwa upole kama ule. Vina ni kama bukari, ugali wetu, alisema. Kina kamili ni bukari ya mahindi matupu: sauti nzito ya neno na kila kinachoifuata vinafanana, ni mwanzo tu unaobadilika. Kina cha karibu ni bukari ya unga uliochanganywa na muhogo, kama tuliyokula wote miaka ile. Ladha si ileile, lakini tumbo linaitika. Kwa purple, alisema, circle inashika sauti nzito, people inashika mkia. Zote mbili ni unga wa kuchanganya.

"Na mahindi matupu hakuna, Mwalimu?"

Akafungua tena fungu la vitabu, akatoa kamusi nene. Maneno yalikuwepo, ya zamani sana, ambayo Waingereza wenyewe wameyasahau. La kwanza, curple, lilikuwa na maana ya matako ya farasi. Tulicheka mpaka mbwa akaanza kubweka. La pili lilikuwa hirple, kutembea kwa kuchechemea.

Tukarudi kama watu waliookota dhahabu. Kina kamili! Ijumaa alasiri, darasa lote lilikuwa uani kwetu likifanya mazoezi: Dada, maua ya njia iko purple, utarudi kwetu hata kwa hirple. Nkambo aliuliza maana ya lile neno la mwisho. Nikamweleza kwa fahari, nikachechemea ili aone vizuri.

Akaninyang'anya mchi.

"Mutamuimbia mwenzenu kilema? Neno la kumusindikiza muntu linapanda naye ku lori! Akivunjika muguu kule, mutasema nini?"

Na hapohapo tukasikia honi ya lori. Dereva hakutaka kungoja Jumamosi.

Tulikimbia. Lori lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya Mwalimu, injini ikinguruma, na vumbi la chokaa lilikuwa limempaka rafiki yangu weupe uso mzima. Alikuwa juu ya mizigo, anatutafuta. Lori likaanza kutembea. Wenzangu walinitazama mimi, wa dawati lake, nami sikuwa na mstari wa pili. Nikaanza tu, wao wakafuata:

"Dada, maua ya njia iko purple..."

Na nikaumalizia kwa kilichokuwepo:

"Huku nyuma, weye uko na people."

Alitumbua macho. Akainuka juu ya magunia, akapiga kelele, "Ile haiko rime, haiko kina, banafiki!" huku machozi yakichora mistari kwenye chokaa. Mwalimu, pembeni yake, aliinua mkono kama darasani. "Inaitika!" alisema. "Inaitika!" Na wakati lori linakata kona, tulimsikia rafiki yangu mwenyewe akiuimba, kwa nguvu kuliko sisi sote.

Sikumwona tena. Walifika salama, dereva alituletea habari. Baadaye waliondoka wengi mno, na waliobaki kuimba wakawa wachache kuliko wanaoimbiwa. Desturi ikafa polepole, kama king'ora. Watoto wa leo wa Likasi hawaijui, na sikuwalaumu nilipowauliza harusini.

Lakini nilipata fungu langu, na nashukuru. Siku nilipoondoka mimi kwenda kusoma, darasa lilikuwa limekwisha. Nkambo, ambaye hakujua kina kamili wala cha karibu, alisimama peke yake kwenye dirisha la taksi-basi akaniimbia majina ya watu wote wa uani kwetu, mmoja baada ya mwingine, walio hai na waliokufa, na dereva akazima injini mpaka alipomaliza.