Mstari wa Nukta Kuelekea Asembo

Baba mkubwa wangu anaamini kwamba Afrika itapasuka siku ya Jumamosi. Ni Jumamosi ipi, hajui, lakini video aliyotumiwa ilisema itatokea watu wengi wakiwa nyumbani, naye akapiga hesabu yake. Aliirusha kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Ilionyesha barabara iliyokatika katikati na mwanamume amesimama ukingoni akipiga kelele. Chini yake ikafuata mikono ya maombi, mmoja baada ya mwingine, kisha swali la shangazi yangu: "Sasa sisi tutabaki upande gani? Ule wa Nairobi ama wa Uganda?"

Ule haukuwa mpasuko wa bara. Lilikuwa korongo. Mvua ilichimba udongo laini chini ya lami, lami ikaanguka, basi. Watu hawa wameona mtaro ukila njia ya nyumbani kwao kila msimu wa mvua na hakuna aliyewahi kusema ni mwisho wa dunia, lakini ukiwawekea muziki wa kutisha na sauti ya Mzungu wanapiga magoti.

Nilikuwa kazini, kwenye saiba ndogo ya Kondele, hapa Kisumu, ninakochapa barua za watu na kutoa nakala za vitambulisho. Niliandika jibu. Nikalifuta. Nikaliandika upya kwa sababu neno moja lilikuwa limejirudia katika sentensi ileile, na sentensi ya namna hiyo siwezi kuiachilia. Wateja wakapiga foleni. Nilipotuma, ukoo ulikuwa umeshahamia kwenye mipango ya mazishi ya mtu mwingine. Aliyejibu alikuwa baba mkubwa peke yake.

"Asante profesa. Siku nyingine fupisha."

Niliwadharau. Afadhali niseme mapema. Niliwadharau wakiwa kanisani, wakiwa matangani, wakinitumia salamu za Krismasi. Sikuwa na haki hiyo, maana sikusoma jiolojia popote. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakunipeleka chuo chochote ambacho ningekitaja kwa sauti. Nilichojua nilikipakua kwenye kompyuta za saiba saa za mchana wateja wanapokuwa wachache, nikakichapa nyuma ya karatasi zilizoharibika, nikakisoma mpaka nikajua kurasa zilizokuwa na makosa. Mtu aliyejifundisha hivyo huwa mkali kuliko profesa. Profesa ana cheti. Mimi nilikuwa na usahihi tu, na kila mtu aliyekosea alikuwa ananikanyagia kitu pekee nilichokuwa nacho.

Kilichonikera kuliko video ni yai. Kila mwalimu niliyekaa mbele yake alisema dunia ni kama yai: ganda, ute, kiini. Watu wanakua wakidhani chini ya Kisumu kuna uji wa moto na sisi tunaelea juu yake kama utando. Hakuna uji. Chini ya ganda kuna mwamba, na chini ya mwamba huo kuna mwamba, karibu kilomita elfu tatu za mwamba wenye joto kali, kabla hujafika kwenye chuma kilichoyeyuka. Ni mgumu, na bado unasogea. Nenda ukaitazame lami ya Kondele jua la saa saba. Ukiigonga kwa kisigino ni ngumu. Sasa tazama mahali malori yanaposimama: tairi zimeiminya ikafanya mifereji na matuta, imetiririka bila mtu yeyote kuiona ikitiririka. Dunia ndani iko hivyo, na mabamba ya ganda lake yanabebwa juu ya mwendo huo. Mfano huo niliuvumbua mwenyewe. Niliupenda kiasi kwamba nikamweleza mtu wa boda boda aliyekuwa amepaki pale pale. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa boss," akasema, "unaenda ama huendi?"

Ghuba yetu nayo, ile ya ziwa iliyo mbele ya Kisumu, ni mkono wa Bonde la Ufa uliochomoza kando kuelekea magharibi. Ardhi ilivutwa, kipande cha katikati kikazama, kingo zikabaki juu. Ukisimama ufukweni Kisumu ukageuka kutazama vilima vya Riat nyuma ya mji, unatazama ukingo mmoja. Watu wanauona kila siku. Wanajua ni nani amejenga kule juu na ana mabinti wangapi, na hawajui kwamba ni ukuta. Na mvuto haujakoma. Unakwenda polepole kuliko kucha inavyoota, ingawa kucha zangu hazifai kwa mfano huo. Nazitafuna.

Haya yote yangebaki kati yangu na kundi la ukoo kama baba hangeamua kuhama.

Kwetu kijana hujenga simba, nyumba ndogo karibu na lango la baba yake. Akishaoa na kuzaa, ifike siku atoke akaanzishe boma lake, dala lake, lenye lango lake. Baba hakutoka. Alifanya kazi mbali miaka mingi, akastaafu, akarudi, na kwa mvi zake zote akawa analala katika simba lake kwenye dala la babu, ambaye alikufa zamani. Wenzake walimtania njiani: "Kijana, umeamkaje?" Kisha mwaka jana mkono wake wa kushoto ukapooza na mdomo ukalegea upande mmoja, na utani ukakoma ghafla. Kila mtu alijua maana yake. Akifia hapo, atazikwa katika boma la baba yake kama mvulana.

Shamba la kuhamia alikuwa nalo, juu kidogo ya Asembo Bay, mahali unapoona maji. Alihitaji watu watatu tu: kaka yake amwonyeshe mahali pa kusimika nguzo ya kwanza, mama abebe moto, na mwana wa kwanza ashike shoka. Kaka yake ndiye huyo wa video. Mwana wa kwanza ni mimi, na mwana wa kwanza hana mbadala. Asipokwenda, hakuna dala.

Nikasema bado.

Sababu ilikuwa ramani. Ilikuwa ramani ya zamani ya miamba, niliyoichapa vipande vipande na kuibandika ukutani, chumbani kwangu Migosi, Kisumu. Mpasuko wa ukingo wa kaskazini wa ghuba umechorwa kwa mstari mzito nyuma ya Kisumu. Kadiri unavyokwenda magharibi mstari unageuka nukta, kisha nukta zinakoma. Nilichukua rula nikauendeleza. Uliingia Asembo. Ulipita, kwa kadiri nilivyoona, katikati ya shamba la baba.

Niliogopa. Niliona baba amelala, ardhi inateleza, ukuta unamwangukia upande ule usioweza kujikinga. Lakini chini ya hofu kulikuwa na utamu, sitaficha. Hatimaye wangelazimika kuniuliza.

Wiki iliyofuata baba alikuja Kisumu kliniki, akapitia kwangu, baba mkubwa akiwa amembebea mfuko wa dawa. Walikaa kitandani kwa sababu kiti kilijaa karatasi. Niliwaeleza yote, kuanzia kwenye kiini cha dunia. Nilianza mbali mno, najua. Nilipofika kwenye mabamba, baba mkubwa alikuwa anatafuta mahali pa kuchomeka chaja.

"Kwa hivyo ile video ni ya ukweli," akasema.

"Si ya kweli."

"Si wewe mwenyewe umesema inapasuka?"

"Inapasuka, lakini si hivyo. Ni mambo ya mamilioni ya miaka."

"Na nyumba ya matope inakaa miaka ngapi?" Akacheka peke yake, akampigapiga baba gotini. "Omera, ndugu yangu, huyu hataki kushika shoka. Amezoea kubonyeza kompyuta. Mwambie ni kazi ya siku moja tu, kesho yake tutamletea uji."

"Baba mkubwa, siogopi kazi."

"Basi unaogopa mawe."

Baba hakucheka. Alikuwa anaitazama ramani, akiushikilia mkono mbovu kwa ule mzima.

"Hiyo laini yako," akasema, "imepita kwangu kabisa, ama kwa jirani?"

"Kwako."

"Una uhakika?"

"Karibu."

"Karibu ni ngapi?"

Nilikasirika. Nilisema jambo hili linahitaji kuhakikiwa, haliendi kwa haraka ya watu wa kijijini, anipe muda. Neno hilo la kijijini nililitamka huku nikimtazama baba mkubwa, lakini aliyeinamisha kichwa ni baba. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Nyathina," akasema, mwanangu, "mimi sikuulizia nyumba ya kukaa mamilioni ya miaka. Naulizia ya mwaka huu."

Walipoondoka niliketi nitafute jibu la karibu ni ngapi, nipate kuwatwanga nalo. Nilipima unene wa alama ya penseli yangu. Sentimita moja ya ramani ile ni kilomita kadhaa za ardhi, hivyo nikaukuza unene huo kwa kipimo chake. Alama yenyewe tu, upana wake, ilifunika shamba la baba, shamba la jirani, kanisa, na kisima ambacho akina mama huchotea maji. Nilichonga penseli nikapima tena. Haikusaidia. Kisha nikasoma maelezo yaliyo pembeni ya ramani, ambayo mtu makini angeanza nayo. Mstari mzito maana yake walifika wakauona mpasuko. Nukta maana yake walikisia. Na pale nukta zilipokoma, hata kukisia kulikuwa kumewashinda, na mimi nikaendelea mbele yao kwa rula ya plastiki.

Tena ule mstari mzito, ule waliouona, uko nyuma ya Kisumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nalala karibu nao, chini ya ghorofa tatu za zege zilizomwagwa na mwenye nyumba mwenye haraka, nikimwonea huruma baba kwa ajili ya kibanda cha matope na mabati. Nilijidharau mchana ule kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote, na hiyo si dharau ndogo.

Nilimpigia simu.

"Mstari haujulikani ulipo."

"Kwa hivyo?"

"Nakuja."

"Kuja na shoka mpya," akasema. "Ramani wacha huko."

Tulikwenda asubuhi na mapema. Baba alitangulia na jogoo kwapani, upande wa mkono mzima. Nilifuata na shoka, mama nyuma yangu na makaa ndani ya chungu kilichopasuka. Baba mkubwa alizunguka shamba kama mtu aliyepoteza funguo, akasimama, akapiga kisigino chini. "Hapa." Sikuona kwa nini hapo na si kule, hakuna kipimo chochote alichotumia, na hakuna aliyemuuliza una uhakika.

Nilikata nguzo, nikachimba shimo. Nilichungulia ndani kuliko ilivyohitajika. Udongo mwekundu, changarawe, kipande cha chupa.

"Umeona Afrika ikiachana huko chini?" baba mkubwa akaniuliza.

Mama alicheka mpaka akaweka chungu chini.

Niliposimika nguzo ya kwanza ikainama kidogo kuelekea ziwani. Nilikuwa nimekuja na pima maji kwenye begi, nikaitoa, nikaiegemeza kwenye nguzo, nikaona kiputo kimekimbilia pembeni. Nikaanza kuzibua shimo.

"Unafanya nini?" akafoka baba mkubwa. "Hii nyumba inaisha leo na mwenyewe analala ndani leo. Kama jua litazama tukiwa tunapima maji, tutarudi na jogoo nyumbani kama wezi. Weka hiyo kitu!"

Nilimtazama baba. Alikuwa amesimama na jogoo wake, akilitazama jua. Nilirudisha udongo, nikaushindilia. Mchana kutwa, kila nilipoinua macho, niliona nguzo ile imeinama. Tuliweka fito, tukapigilia mabati, majirani wakakandika matope. Jua lilipokuwa bado juu ya maji kidogo, mama aliingiza moto ndani. Baba akaketi mlangoni kwenye kigoda. Mzee mmoja aliyepita njiani, mmoja wa wale wa zamani wa "kijana, umeamkaje", alisimama, akavua kofia.

"Wuon dala," akamwamkua, mwenye boma.

Baba aliitikia kwa kichwa, kana kwamba ameitwa hivyo maisha yake yote.

Kesho yake nilirudi Kondele. Kabla ya adhuhuri baba mkubwa alikuwa ameshapiga picha ya nyumba, kaiweka kwenye kundi la ukoo, na kwa kuwa aliipiga akiwa ameinamisha simu, nguzo ilionekana imelala kuliko ilivyo. "Ufa umefika Asembo," aliandika. "Hata profesa wetu alikuwa ametuambia." Mikono ya maombi ikaanza kumiminika. Shangazi akauliza tena: "Kwa hivyo sasa sisi tuko upande gani?"

Nilianza kuandika jibu. Niliandika kwamba nguzo iliinama kwa sababu niliisimika vibaya mwenyewe, kwamba bamba haliwezi kuinamisha nguzo moja na kuiacha ya pili, kwamba nukta si mstari. Nilikuwa ninabadilisha sentensi ya pili kwa mara nyingine, mteja akinigongea kaunta, baba alipoandika. Baba haandiki kamwe kwenye kundi lile. Nilijua alichapa kwa kidole gumba cha kulia, simu ikiwa imelala juu ya paja, maana maneno yote yalikuwa ya herufi kubwa na mawili yalishikana.

NJOONI KWANGU. NAFASIIKO.