Kukaanga Kahawa na Sista Yusta

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kahawa ya mapadre. Ilikuwa Juni, majira ambayo Njombe ukungu hauondoki mpaka jua limepanda sana. Nilitembea kutoka kwetu Yakobi hadi misheni nikiwa nimejitanda blanketi la mama juu ya koti, vidole havikunjuki kwa baridi. Nilipokelewa na Mkuu wa Jiko, Sista Yusta, Mpangwa mfupi kutoka Ludewa, mikono yake imejaa unga. Akanisalimu "Kamwene," akanionyesha birika, sufuria na mkebe wa kahawa.

"Mapadre wanatoka misa sasa hivi," alisema. "Wapikie kahawa." Kisha akarudi kwenye mkate wake.

Sisi watu wa huku tumekulia kwenye chai. Majani ya Lupembe unayatia kwenye maji na maziwa, unaacha vichemke mpaka viumuke juu, unashusha, unarudisha motoni, na kadiri inavyokolea ndivyo wageni wanavyosifu. Mama yangu alipika hivyo. Nami nikaipika kahawa vivyo hivyo, tena kwa bidii, maana nilitaka kazi.

Sista akaonja kwa kijiko. "Tino," alisema, maana jina langu Augustino alilifupisha siku hiyo hiyo, "hii kahawa umeipika au umeiadhibu?"

"Nimeipika, Sista."

"Imekukosea nini?"

Mapadre walikunywa chai asubuhi ile. Kahawa yangu Sista hakuimwaga, kwa sababu hakuwahi kumwaga kitu ambacho Mungu amekiotesha. Tuliinywa wawili mpaka mwisho, yeye akitabasamu, mimi machozi yakinilenga kwa uchungu wake. Halafu akasema kesho nije mapema, tuanze kujifunza.

Nawaandikia haya vijana wa parokia mlioniomba niwaeleze namna ya kupata kahawa nzuri nyumbani. Siwezi kuwaeleza kahawa bila kumweleza mwanamke huyu, kwa hiyo mnivumilie.

Kahawa mbichi ilitujia kwa magunia kutoka Mbinga. Punje zake ni za kijani kilichopauka, na harufu yake ni ya nyasi kavu tu. Tulizikaanga kwenye kikaango kizito cha chuma, juu ya mkaa ulioshika vizuri lakini usiotoa ndimi za moto, huku tukizigeuza kwa mwiko bila kupumzika. Kwanza zinakuwa za njano, kisha zinashika rangi ya mdalasini, kisha zinaanza kupasuka, pa, pa, kama bisi. Huo tuliuita mlio wa kwanza. Ukiendelea kusubiri unakuja mlio wa pili, mwembamba zaidi, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa, na hapo mafuta yanatokeza juu ya punje na uchungu unaanza kutawala. Sista alitaka kikaango kishuke katikati ya milio hiyo miwili, naye wakati huo aliujua kwa pua. Aliweza kuwa anakanda unga upande wa pili wa jiko, ametupa mgongo, mara anaita, "Shusha!" Ukishusha unakuta ni sawasawa kabisa. Kisha tulizimwaga kwenye ungo, tukazipepeta nje ili zipoe haraka na makapi yake yapeperuke.

Kusaga tulisaga asubuhi ile ile ya kunywa, kwa mashine ndogo ya mkono, chembe ziwe kama sukari, zisiwe laini kama unga wa sembe. Kuchuja tulitumia mfuko wa kitambaa cheupe cha pamba, ulioshonwa mfano wa soksi. Mfuko huo unaoshwa kwa maji ya moto peke yake. Sabuni ni mwiko, kwa sababu kitambaa hakisahau. Unaweka kahawa ndani, unamimina maji kidogo ya kuilowesha tu, unasubiri. Kahawa iliyokaangwa karibuni itaumuka kama unga wa maandazi. Isipoumuka, ujue imekaa sana. Tulipokuwa tukisubiri tulisali Salamu Maria moja, taratibu, ndipo tukamimina maji yaliyobaki kwa kuzungusha. Mtu akiniuliza kipimo cha muda, sina kingine. Sista alisema ukiikimbiza sala, kahawa itakusema mezani.

Nilipokuwa nimeshika kazi, nilitumwa Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kumpikia padre aliyekuwa anafungua kigango huko. Nilikwenda na kahawa yangu na kujiamini kwangu. Ghala letu lilikuwa moja tu, na samaki waliokaushwa walining'inia juu ya rafu. Baada ya siku chache Padre aliweka kikombe chini polepole.

"Tino, nisaidie. Hiki ninakinywa, au ninakichovyea ugali?"

Nikanusa mkebe. Kahawa yote ilikuwa imekuwa samaki. Hapo ndipo nilipojua kwamba kahawa huvuta harufu ya kila jirani yake. Msiiweke karibu na vitunguu, wala kwenye dari la jikoni panapopita moshi, wala kwenye mkebe uliowahi kuwa na kitu kingine. Niliagiza kahawa nyingine kutoka misheni, nikaifungia peke yake, lakini bado ilitoka chungu kuliko ya Njombe, na mikono ni ile ile. Padre huyo, aliyewahi kufundisha sayansi seminarini, ndiye aliyenieleza. Milimani kwetu maji huchemka kabla hayajapata ukali wake wote, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kule chini ziwani maji yanayochemka ni makali zaidi, na huunguza kahawa. Tangu hapo nilishusha birika na kulipumzisha kidogo kabla ya kumimina. Ndugu zangu mlio Dar es Salaam, fanyeni hivyo. Mlio Njombe, mimineni bila wasiwasi.

Niliporudi, Sista Yusta alikuwa amepelekwa kuongoza jiko la hosteli ya kanisa Makambako, naye akaniomba nimfuate. Makambako ni mji wa upepo na njia panda. Mabasi ya Songea, ya Mbeya na ya Dar es Salaam yanakutana pale, abiria wa treni wanashuka na mizigo yao, madereva wa malori wanataka kitu cha kuwafungua macho. Tulikaanga kahawa nyuma ya jiko, na upepo ukaibeba harufu mpaka barabarani. Madereva walikuwa wakisema hawahitaji kibao cha hosteli, wanafuata pua zao. Tulitia kahawa kwenye chupa za chai zilizosuuzwa kwanza kwa maji ya moto, ili isipoe ikiingia, na iliyokaa toka asubuhi hatukumpa mgeni wa mchana.

Meneja wa hosteli alikuwa mlei, mtu mwema mwenye haraka. Aliyapenda makopo ya kahawa ya unga ambayo unakoroga tu. "Sista," alikuwa akimtania, "Yesu mwenyewe angekuwa na basi la kuwahi, angekoroga."

"Angesubiri," Sista alijibu. "Alisubiri miaka thelathini kabla ya kuanza kuhubiri."

Kisha mwaka mmoja Sista aliugua mafua makali yaliyomlaza kitandani. Aliporudi jikoni alikuwa amekonda, lakini alishika mwiko wake kama kawaida. Asubuhi moja niliingia na maji nikamkuta amesimama juu ya kikaango kinachofuka moshi mweusi. Alikuwa anageuza polepole, midomo ikicheza kwa sala, uso umetulia kabisa. Nilikiondoa kikaango motoni. Alinitazama, akatazama punje, akasema, "Mkaa wa leo mkali," akaenda zake.

Lakini kahawa ya siku iliyotangulia, aliyoikaanga peke yake, ilikuwa tayari imeshapelekwa mezani. Dereva mmoja wa lori akasimama mlangoni na kikombe. "Mzee Tino, tumewakosea nini? Mmechota jikoni majivu?" Wenzake wakacheka. Meneja hakucheka. Aliniita pembeni.

"Nani amekaanga hii?"

Nilitazama kuelekea jikoni.

"Najua ni nani," alisema, bila hasira. "Kama Sista amechoka, nitawaandikia masista wenzake wampumzishe Njombe, na sisi tutaingia kwenye makopo. Hakuna aibu. Lakini niambie ukweli, anaweza au hawezi?"

"Naomba nizungumze naye kwanza, Meneja. Nitakujibu leo leo."

Nilimkuta Sista anachagua maharage. Nilikaa mbele yake, nikaanza kuchagua naye, kwa sababu sikujua pa kuanzia. Yule ndiye aliyenifundisha kila kitu nilichokijua. Kumwambia neno lile kulikuwa kama kumvua kiatu mtu aliye safarini. Na kulinyamazia kungekuwa kumwacha aaibike mbele ya wageni kila asubuhi.

"Sista," nikasema mwisho, "husikii tena harufu."

Aliendelea kuchagua.

"Tangu nimeugua," alisema. "Jumapili shemasi alinipita na chetezo, nikaona moshi tu. Ubani, Tino. Hata ubani." Akaweka ungo chini. "Nilikuwa naomba pua irudi kabla mtu hajajua."

"Meneja ameuliza."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nizungumze na wewe kwanza."

Alifuta mikono kwenye aproni. "Basi twende. Nitamwambia mwenyewe. Wewe ukae hapo tu, usinitetee kama mtoto."

Alimwambia Meneja kila kitu, amesimama wima. Yule bwana aliona haya, akaanza kuongea habari za kupumzika na uzee wenye heri. Sista akamkatiza. "Mlio ninausikia. Rangi ninaiona. Mkono ninao. Nilichopoteza ni pua, na pua anayo huyu." Akanionyesha kwa kidole. "Tupe nafasi. Kila asubuhi kikombe cha kwanza ni chako. Kikiwa kibaya, andika barua yako."

Meneja alikubali. Na hapo kazi yangu ngumu kuliko zote ikaanza, kwa sababu Sista hakutaka ninuse tu, alitaka nimwambie.

"Inanukiaje?"

"Vizuri, Sista."

"Vizuri si harufu. Sema."

"Kama... kama nyasi."

"Nyasi mbichi au kavu?"

"Kavu. Sasa kama mahindi yanayochomwa."

"Sawa. Geuza. Sasa?"

"Karanga. Karanga ambazo bado hazijaiva."

Milio ikaanza, akainamisha kichwa karibu na kikaango akisikiliza. "Sasa?"

"Mkate unaotoka kwenye oveni. Na kitu kitamu nyuma yake, kama miwa inapochemshwa."

"Shusha!"

Nilikuwa nimekaanga kahawa miaka mingi bila kuinusa kweli. Niliacha pua yake inifanyie kazi. Sasa nililazimika kutafuta neno kwa kila pumzi, na kila nilipolipata neno, nilianza kugundua vitu ambavyo sikujua vimo: limau kwenye kahawa ya gunia moja, tumbaku kwenye ya gunia jingine, udongo uliolowa kwenye ile iliyokaushwa chini badala ya kwenye vichanja. Sista alisikiliza akiwa amefumba macho. Siku nyingine aliniomba nirudie neno, si kwa sababu hakulisikia.

Meneja alikunywa kikombe chake cha kwanza kila asubuhi, akirudisha kisosi bila kusema kitu. Tuliishi hivyo kwa hofu kwa muda, kila mmoja akimsoma uso. Kisha siku moja akamwambia mtunza stoo mbele yetu, "Yale makopo, usiagize tena. Wageni hapa wameharibika." Sista akafanya ishara ya msalaba, akanikanyaga mguu chini ya meza.

Alikaa jikoni Makambako mpaka shirika lake lilipomwita kupumzika, na aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, si kwa barua ya mtu. Mimi nilibaki hadi nilipostaafu.

Sasa niko Yakobi. Mke wangu ni binti wa Lupembe na mpaka leo anakunywa chai; kahawa yangu anaiita dawa. Ninakaanga kidogo kidogo, inayotosha wiki, kwa sababu iliyokaangwa nyingi huzeeka kabla ya kunywewa. Wajukuu wananiuliza ni kifaa gani wanunue. Nawaambia wana pua tayari, waanze na hiyo: nunueni kahawa nzuri, isagwe leo, maji yawe safi, msiichemshe, na kabla hamjanywa, semeni kwa maneno mnachokinusa. Namshukuru Mungu kwa kazi iliyonifundisha kukaa kimya mbele ya kitu kidogo mpaka kijieleze.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu Sista Yusta kwenye nyumba ya masista wazee, nje kidogo ya mji wa Njombe. Amekuwa mdogo kama mtoto, lakini alikataa mtu mwingine anipikie. Aliingia jikoni peke yake, akakaanga, akasaga, akachuja, akaniletea kikombe mwenyewe. Masista wenzake waliketi pale, wote wamekwisha kunywa, wote wakisifu. Mmoja akanikonyeza.

Nikanusa. Nikaonja. Sista alikuwa ananitazama.

"Sema," akasema.



"Imeungua, Sista. Upande mmoja. Chini yake kuna karanga, na limau kidogo linalojaribu kutoka."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mwezi mzima hawa wananiambia nzuri, nzuri, Sista, nzuri!" Akafuta macho kwa ukingo wa shela, akainuka, akaelekea jikoni. Nikavua koti, nikamfuata.